Kuitunza Migrivilea Kuzunguka Nyumba na Shamba

  Mwenye kalamu na karatasi naomba aviweke karibu, maana leo kutakuwa na vipimo, na vipimo havikai kichwani kwa muda mrefu. Asiye na kalamu amwite mtoto anayesoma amwandikie.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mti ambao wengi wetu tunao, lakini wachache tunautunza. Nao ni mgrivilea. Wengine wenu mnauita grivelia, na jirani zetu Wakikuyu wa Kenya huuita mukima. Ni ule mti wenye majani yaliyokatikakatika kama manyoya, juu ya kijani na chini ya rangi ya fedha, ambao hutoa maua ya rangi ya machungwa yanayopendwa sana na nyuki. Kwao hasa ni upande wa mashariki wa Australia. Uliletwa huku kwetu Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ili uwe kivuli cha kahawa na chai. Leo umeenea katika nyanda za juu nyingi, na ukipita Kilimanjaro, Meru, Lushoto na kwingineko utauona umesimama mipakani, kando ya njia na nyuma ya nyumba.

Sasa kwa nini nichague mti huu, wakati kila mtu anaujua? Nawaambieni sababu. Tuseme kuna mkulima aliyepanda migrivilea kumi nyuma ya nyumba mwaka mtoto wake alipozaliwa. Aliipanda, akaiacha. Miaka 18 imepita, mtoto amepata nafasi ya kwenda chuo, na fedha zinatakiwa katika muda wa majuma matatu. Mkulima anakumbuka miti yake, anamwita mnunuzi. Mnunuzi anakuja, anazunguka mti mara moja, anatazama juu, anaonyesha panda mbili zilizoachana chini kabisa, anaonyesha vigutu vya matawi vilivyooza, halafu anataja bei ya kuni. Mkulima hana la kujibu, kwa sababu anayoyasema mnunuzi ni kweli. Mti ni mkubwa, lakini ubao mzuri haumo ndani yake.

Hiyo ndiyo habari yetu ya leo, ndugu zangu. Kupanda mti ni kazi ya siku moja, lakini kuutunza ni kazi ya miaka. Tofauti kati ya mti wa mbao na mti wa kuni haiji siku ya kuuza. Huja katika miaka mitano au sita ya kwanza, kwa mkono wa mwenye shamba mwenyewe, na mara nyingi kwa kazi ya nusu siku tu kwa mwaka.

Haya, tuanze mwanzo, yaani kwenye mbegu na mche.

Wengi wetu huokota mbegu chini ya mti ulio karibu. Si vibaya kukusanya mbegu mwenyewe, ila yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, usichukue mbegu kutoka mti mmoja tu uliosimama peke yake. Mgrivilea hutaka kuchanganya mbelewele na wenzake, na mbegu za mti uliojitenga mara nyingi hutoa miche dhaifu. Chukua kutoka miti mingi mizuri iliyonyooka, iliyo mbalimbali, uzichanganye. La pili ni wakati. Vikonyo vya mbegu vikianza kuwa kahawia, vichume upesi kabla havijapasuka, kwa sababu mbegu zake ni nyepesi, zina bawa, na zikishapasuka upepo huzipeleka kwa siku moja au mbili. Zikaushe kivulini, kisha uzipande mapema, maana zikikaa kwenye joto hupoteza uhai. Asiyeweza kukusanya anaweza kuuliza mbegu kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, au anunue miche katika kitalu anachokiamini.

Mbegu za mgrivilea hazihitaji kuchemshwa wala kulowekwa katika dawa. Zipande kwenye tuta lenye mchanga laini na udongo mwepesi, zifunike kidogo tu, mwagilia taratibu, weka kichanja cha kivuli. Zikiwa mbichi na nzuri huanza kuota baada ya kama siku kumi, na nyingine huchelewa hadi majuma manne. Miche ikitoa majani mawili ya kweli ihamishie katika viriba. Huko itakaa miezi minne hadi sita, mpaka ifike kimo cha kama sentimita 30 au 40. Kila mara nyanyua viriba ukate mizizi inayotoka chini kuingia ardhini. Mche uliozamisha mzizi kitaluni hufa siku unapong'olewa, na mwenye kitalu hulaumu jua.

Unaponunua miche, usichague mrefu kuliko yote. Chagua ulionyooka, wenye shina nene kiasi cha penseli, wenye majani ya kijani hadi chini. Ule mrefu mwembamba uliojikunja mizizi ndani ya kiriba utakusumbua maisha yake yote, maana mizizi iliyojizungusha haijinyooshi, na baada ya miaka kumi upepo huuangusha.

Sasa tupande wapi? Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu makosa ya mahali hayarekebishiki kwa maji wala samadi.

Mti huu ukistawi hupita mita 20, na mahali pazuri hufika hata 30. Matawi yake ni mepesi kuvunjika upepo unapovuma kwa nguvu. Kwa hiyo usiupande mita mbili kutoka ukuta wa nyumba kwa sababu tu leo unaonekana kama maua. Acha angalau mita 10 hadi 15 kutoka nyumba, jiko, choo na banda la ng'ombe. Na ule upande unaotoka upepo mkali, ongeza zaidi. Ukipanda karibu na nyumba, majani yake pia huziba mifereji ya bati, na maji ya mvua uliyotaka kuyavuna yakamwagika ukutani. Usipande kabisa chini ya nyaya za umeme. Siku mti utakapozifikia watakuja wakata kilele, na mti wenye kilele kilichokatwa nusu si wa mbao tena.

Mpakani, usipande juu ya mpaka wenyewe. Ingia ndani ya shamba lako mita moja na nusu au mbili. Mti uliopandwa katikati ya mpaka wakati wewe na jirani mnapatana hupandwa bila maneno, lakini utavunwa baada ya miaka 20, pengine wazee wote wawili wameshafariki, na watoto wao hawajui nani aliupanda. Nimeona ndugu wa damu hawasalimiani kwa ajili ya gogo moja. Kama ni lazima iwe ya pamoja, andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa kitongoji: ni mingapi, ya nani, na itagawanywaje. Na nyumbani vilevile. Mama anayepalilia na kumwagilia miche hiyo ajue ni ipi ya nyumba yake, na watoto wajue, ili siku baba asipokuwepo asije mtu na msumeno akasema miti ni ya ukoo.

Sasa vipimo. Kwenye mpaka, mti hata mti acha mita 3. Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa kama mita 250. Ukigawa kwa 3 unapata miti 83 hivi. Mtu mwenye ekari moja tu, bila kupunguza mahindi yake katikati, anaweza kuwa na miti zaidi ya 80 pembeni. Kama unapanda kijisitu peke yake, weka mita 3 kwa 3, halafu baadaye upunguze. Katika kahawa au migomba acha nafasi kubwa zaidi, maana hapo tunataka kivuli chepesi, hatutaki giza.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45. Mahali pakavu ongeza hadi 60. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri au mboji, urudishe huo kwanza. Panda mvua zikishashika, ardhi ikiwa imelowa hadi chini, si kwa manyunyu ya kwanza. Chana kiriba ukiondoe chote. Wapo wanaokiacha wakidhani kinalinda mizizi. Hakilindi, kinainyonga. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, kisha shindilia kwa mguu polepole.

Katika miaka miwili ya kwanza mche una maadui watatu: magugu, ukame na mifugo. Palilia duara la nusu mita kila upande. Weka matandazo ya majani makavu, lakini yasiguse shina, acha nafasi ya upana wa kiganja, maana matandazo yakigusa shina huficha mchwa na huozesha ganda. Mchwa hupenda miche midogo wakati wa kiangazi. Wakulima wengi hunyunyiza majivu kuzunguka shina, nayo husaidia kiasi, lakini yakinyeshewa hayana nguvu, rudia. Kinga iliyo kubwa kuliko hiyo ni kutouumiza mche kwa jembe, kwa sababu mchwa na kuvu huingia penye kidonda. Na mbuzi, hata kama halipendi sana jani la mgrivilea, atalijaribu, na asipolila ataukanyaga mche au kuukwaruza. Weka uzio wa miiba.

Haya, sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo yetu, yaani kupogolea matawi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mti nao ni hivyo hivyo. Tembelea miche yako ikiwa na mwaka mmoja. Ukiona mche umetoa vilele viwili, chagua kimoja kilichonyooka na chenye nguvu, kile kingine ukikate kwa mkasi au kisu kikali. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Ukiacha, vilele hivyo viwili vitakuwa panda mbili nene, na kila panda itakuwa nusu ya mti. Zaidi ya hayo, mahali zinapoachana maji hutuama, pakaoza, na siku ya upepo mti hupasuka katikati kama kuni.

Mti ukifika miaka miwili au mitatu, anza kuondoa matawi ya chini. Kanuni ni rahisi kukumbuka: nusu ya chini iwe safi, nusu ya juu ibaki na majani. Kama mti una mita 4, safisha mita 2 za chini, usizidishe. Mwaka unaofuata au baada ya miaka miwili, rudia vivyo hivyo kwa kimo kipya. Hivyo, mti ukifika mita 12, utakuwa na shina safi la mita 6 lisilo na tawi, na hilo ndilo mnunuzi wa mbao anatafuta.

Kwa nini tusisubiri matawi yanenepe, tupate na kuni nyingi? Kwa sababu kila tawi linaacha fundo ndani ya shina. Tawi lenye unene wa kidole gumba, ukilikata vizuri, mti hufunika kovu lake upesi, na mbao itakayoota juu yake itakuwa safi. Tawi lenye unene wa mkono huacha kidonda kikubwa, hukaa wazi miaka mingi, na ndani yake uozo huingia. Fundi seremala akilipiga randa fundo hilo hung'oka, ubao ukabaki na tundu.

Na kuna wale wanaopogoa kupita kiasi. Wanahitaji kuni, wanapanda juu, wanasafisha mti wote, wanaacha kishungi kidogo kileleni kama mkia wa ng'ombe. Mgrivilea ni mvumilivu, hautakufa, utachipua tena. Ndiyo maana watu wengi wanaufanyia hivyo. Lakini majani ndiyo jiko la mti. Mtu aliyenyang'anywa jiko atanenepa vipi? Kila unapofanya hivyo umeusimamisha mti usinenepe kwa muda. Kama unahitaji kuni kwa haraka, chukua kidogo kidogo kwa miti mingi, usimalize mmoja, na hata mti mkubwa uache angalau theluthi moja ya kimo chake ikiwa na majani.

Wapo pia wanaotaka kuni na kivuli tu, hawataki mbao. Hao wanaweza kukata kilele juu ya kichwa cha mtu, mti uchipue matawi mengi, na kuyavuna kila baada ya miaka michache. Ni jambo zuri kwa miti michache iliyotengwa kwa kazi hiyo. Lakini amua mapema: huu wa kuni, ule wa mbao. Mti mmoja hauwezi kukupa vyote viwili kwa ukamilifu. Na kumbukeni, mgrivilea si kama mkaratusi. Ukiukata chini kabisa ukiwa mkubwa, kisiki chake hakichipui vizuri. Anayekata lazima awe na mche tayari wa kupanda.

Jinsi ya kukata nayo ina adabu yake. Acha panga nyumbani, chukua msumeno. Panga hupasua, huacha vigutu, na mara nyingine huchana ganda la shina hadi chini. Tazama mahali tawi linapotoka kwenye shina, utaona pamevimba kidogo kama shingo. Kata nje tu ya uvimbe huo. Usiukate uvimbe wenyewe, maana humo ndimo mti unapotengeneza ganda jipya la kufunika kidonda. Wala usiache kigutu kirefu.

Nawajua wanaoacha vigutu kwa makusudi ili viwe ngazi ya kupandia. Ndugu yangu, hiyo ni ngazi ya gharama kubwa kuliko zote duniani. Kila kigutu kitakufa, kitaoza, kitaingiza uozo moyoni mwa mti. Tena kigutu kilichooza ndicho kinachovunjika mtu akiwa juu mita 8. Tengeneza ngazi ya miti, itakaa miaka mingi.

Kama tawi ni zito, likate kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza, sogea mbali na shina kama sentimita 30, kata kutoka chini kwenda juu hadi kama theluthi ya unene. Hatua ya pili, sogea nje kidogo tena, ukate kutoka juu kwenda chini mpaka tawi lianguke. Hatua ya tatu, kata kipande kilichobaki pale kwenye shingo. Ukifanya hivyo tawi haliwezi kuanguka likichuna ganda la mti.

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, siku isiyo na upepo, vidonda vikauke haraka. Asipande mtu peke yake. Mmoja awe juu amefungwa kamba kiunoni, mwingine awe chini kuangalia na kuzuia watoto wasipite. Usipande mti uliolowa. Na unga wa mbao ya mgrivilea, hata majani yake, huwasha ngozi ya watu wengine wakapata vipele. Vaa shati la mikono mirefu na ufunge kitambaa puani unapopasua mbao.

Matawi uliyokata yasipotee. Mazito ni kuni za jikoni, na hapo akina mama wanapumzika safari ya msituni. Yaliyonyooka ni vijiti vya kutegemezea maharage na nyanya. Majani ni matandiko ya ng'ombe, halafu yakichanganyika na samadi ni mboji. Yaliyobaki yatandaze kwenye kahawa na migomba, yatazuia maji yasikauke.

Sasa tuje kwenye swali ambalo halikosi kuulizwa katika mikutano ya wakulima: je, mgrivilea hauharibu mahindi? Jibu ni kwamba inategemea mvua na nafasi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo mseto lenye makao yake Nairobi, walipanda migrivilea pamoja na mahindi huko Machakos, Kenya, mahali penye mvua chache. Miti ilipokuwa midogo mahindi hayakudhurika sana, lakini ilipokua mikubwa mavuno ya mahindi yalipungua sana, kwa kuwa yaligombania maji. Basi anayelima sehemu kavu asipande miti katikati ya mahindi, aiweke pembeni, tena kwa nafasi kubwa. Anayelima sehemu zenye mvua ya milimita 1,000 na zaidi ana nafuu, hasa akipogoa kila mwaka kabla ya mahindi kukua.

Kama mistari ya mahindi iliyo karibu na miti inadumaa, chimba mfereji upande wa mahindi, kama mita moja kutoka shinani, wenye kina cha futi moja na nusu hadi mbili, ukate mizizi ya juu, kisha ufukie. Fanya upande mmoja tu. Ukikata mizizi pande zote mbili umeuondolea mti miguu, upepo utaumaliza.

Ugonjwa unaosumbua zaidi ni kidonda cha shina. Huletwa na kuvu, na huushika zaidi mti uliopandwa sehemu za joto na ukavu zisizoufaa. Utaona ganda limepasuka, utomvu mweusi au kahawia unatiririka, na matawi yanakauka kuanzia juu. Hakuna dawa ya kunyunyiza ya kuutibu mti mzima shambani. Kata matawi yaliyougua hadi kwenye sehemu yenye afya, uyachome moto, na usafishe msumeno kabla ya kuingia mti mwingine. Ule uliougua shina lote ung'oe. Na kama miti yako mingi inaugua, ardhi inakwambia kitu: hapa si pangu. Muulize bwana shamba au bibi shamba wako mti mwingine unaofaa.

Tumalizie na kupunguza na kuuza. Katika kijisitu cha mita 3 kwa 3, miti ikifika miaka mitano au sita huanza kubanana. Ondoa iliyopinda, yenye panda, na ile dhaifu. Hiyo ni nguzo za banda na kuni, si hasara. Wengine hukosea kwa kukata mizuri kwanza kwa sababu inauzika upesi, wakaacha vilema vikue. Fanya kinyume. Iliyobaki ipe nafasi inenepe. Kwa mbao, subira yake ni miaka 15 hadi 20 au zaidi, kufuatana na ardhi na mvua.

Siku ya kuuza, usimwite mnunuzi kabla hujapima. Chukua kamba ya fundi cherehani, au kamba yoyote uliyoipima, zungusha shina kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka chini. Mzunguko huo ugawe kwa 3.14 utapata unene. Mti wenye mzunguko wa sentimita 110 una unene wa kama sentimita 35. Kisha kadiria urefu wa shina safi hadi tawi la kwanza. Andika mti kwa mti: mti wa kwanza, unene huu, urefu huu. Ita wanunuzi wawili au watatu siku tofauti, wala usiuze kwa kukadiria "miti yote kwa pamoja". Uliza bei ya ubao katika soko lililo karibu nawe. Ukumbuke pia kwamba gogo halitoi mbao tupu. Likipasuliwa kwa msumeno wa mashine, zaidi ya nusu inaweza kuishia kuwa mabanzi na unga. Kwa hiyo sema na mnunuzi nani atachukua mabanzi na matawi, maana hizo ni kuni zako. Na kabla gari halijaja, pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize vibali vya kuvuna na kusafirisha, mbao zisije zikakamatwa njiani.

Ndugu wakulima, muda wetu umekwisha, lakini nawaachieni kazi ndogo ya kufanya juma hili. Toka nje na mtoto wako mmoja, zungukeni miti yote iliyo nyumbani. Ihesabuni. Kila mmoja, tazameni mambo matatu: una vilele vingapi, una vigutu vingapi, na uko umbali gani kutoka nyumba. Iliyo michanga yenye vilele viwili, kateni kimoja siku hiyo hiyo. Mikubwa yenye matawi mazito juu ya paa, tafuteni mtu mwenye msumeno na kamba kabla mvua za upepo hazijaanza. Na pale mlipokata mti zamani pakabaki kisiki kikavu, chimbeni shimo kando yake mngoje mvua.

Mwenye swali amwendee afisa ugani wa kata yake, au atuandikie kupitia redio, nasi tutajibu. Hadi tutakapokutana tena, nawatakieni kazi njema na mvua za heri. Kwaherini.